Kura ya Pili ya Kambi za Nyuki

Msije mkaniambia nilikuwa na homa. Asubuhi ile nilikunywa chai na mihogo, akili zangu timamu, na haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kaliua, jua likiwaka.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha warina asali. Kila msimu tunagawana kambi thelathini za msituni kwa kura, maana zamani watu waligombea kambi nzuri mpaka wakashikiana mashoka. Siku hizi kura naipiga kwa kompyuta, kwenye ile skrini nyeusi ya kuandikia amri. Amri ya seq inatoa namba moja mpaka thelathini kwa mpangilio, shuf inazichanganya kama karata, kila jina linapata namba yake. Hakuna upendeleo.

Ila msimu ule kaka yangu Maganga aliangukia kumi na mbili. Kambi hiyo iko kwenye njia ya zamani ya misafara, walipokuwa wakitua wapagazi, na aliyelala huko mara moja harudii. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane. Roho iliniuma. Nikairudia amri. Akapata saba, kambi yenye maji. Nani angejua?

"Mwangaluka," sauti ikanisalimu dirishani kwa Kinyamwezi.

Alikuwa mzee nisiyemjua, kaniki kiunoni, bega la kulia limeota sugu nene. Nikamwambia shikamoo babu. Akaielekeza skrini kwa kidevu.

"Ukipiga kura ya pili, mjukuu wangu, ile ya kwanza anaichukua nani?"

Nikageukia skrini. Maganga, kumi na mbili! Nikarudia amri. Kumi na mbili. Nikarudia mara tisa, niaminini, namba za wenzake zote zinaruka huku na huku, yake imeganda. Hivi jamani, kompyuta gani inafanya hivyo? Nilipotazama dirishani hapakuwa na mtu, na kwenye mchanga niliotoka kuufagia hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Mwenye busara angeacha. Mimi niliogopa, lakini nilimpenda kaka yangu kuliko nilivyoogopa. Nikazibadilisha namba kwa mkono, yake na ya mwenzake aliyepata saba, nikabandika karatasi mlangoni.

Maganga akaenda kambi ya saba, wiki tatu. Anaapa alilala pale pale. Lakini wenzake wa kambi ya sita na ya nane wanaapa hawakumwona hata siku moja, wala hawakuona moshi wake. Yule niliyempa kumi na mbili alirina bila shida. Alirudi amekonda, hana asali hata kibuyu kimoja, na bega lake la kulia limeota sugu. Mkewe alimuuliza alibeba mzigo gani. Akamtazama tu, akasema, "Sijabeba kitu, mama."

Alikuwa wapi? Mpaka leo sielewi, na kila nikijaribu kuelewa kichwa kinauma. Mtoto wao sasa anatembea. Ukimweka kwenye bega lile analia mpaka baba yake amhamishie la kushoto.

Wewe unayepiga kura za watu, kwa karatasi au kwa kompyuta, nakusihi: ikishatoka ya kwanza, iache. Juzi Maganga kaniuliza, "Mdogo wangu, kura yangu ile ilikuwa ya haki?"

Nikamjibu ndiyo, huku nikitazama bega lake.