Mwisho wa Kufuli la Shaba

Kilichomtapisha Chanuo ni kucha.

Mengine ya kulalamikia alikuwa nayo tele, na aliyatoa moja moja huku vidole vikienda. Lakini kucha jamani! Binti wa kuachwa na mama, mchota maji wa watu, mfagia uwanja tangu kuku hawajashuka, anatokea kwenye runinga ana kucha ndefu nyekundu, zimechongwa ncha, zinang'aa. Ufagio kaushika kwa vidole viwili kama mtu anayetupa panya mfu.

"Khaa! Huyo ndiye aliyelala njaa?" akasema, akavuta nywele za mteja mpaka mteja akanyanyuka kitini. "Huyo amelala hotelini huyo. Yaani wamechukua kitabu cha watu, wamekitafuna, wamekitema, halafu wanatuambia tule!"

"Dada, kichwa changu hicho," mteja akalia.

"Kichwa kitapona. Kitabu ndicho kimeshauawa."

Jina la Chanuo alipewa na wateja, kwa sababu akikutana na fundo hazunguki. Alikuwa msusi, na sebule yake ndiyo iliyokuwa saluni: kiti kimoja cha plastiki, benchi la wanaosubiri, kioo chenye ufa, runinga ndogo juu ya kabati. Wasusi wepesi kuliko yeye walikuwepo mtaa mzima, na wapole pia. Watu walimfuata yeye kwa sababu ya riwaya. Ukikaa tu kitini anakuuliza, "Unasuka nini, na unasikiliza nini?" Unachagua msuko, unachagua kitabu, na kitabu anakusimulia kwa mdomo, sura kwa sura, bila kukishika. Nywele zikiisha kabla ya riwaya, shauri yako, ngoja zichakae urudi. Kuna mama mmoja muuza mitumba aliyefumua kichwa kizima kikiwa kipya kabisa kwa sababu alishindwa kulala bila kujua nani alimtilia sumu mfalme.

Vitabu alivipata kwa muuza vitabu vikuukuu aliyekuwa akitandaza turubai kwenye kona ya posta. Alisoma kila kitu: vya mapenzi, vya wapelelezi, vya wafalme, vilivyofasiriwa kutoka lugha ambazo hajui hata salamu zake. Na alikuwa na masharti. Kitabu ni kama kilivyoandikwa. Hakikatwi, hakitiwi chumvi. Muuza vitabu alimletea siku moja riwaya aipendayo iliyofupishwa kwa ajili ya wanafunzi, akaipekua, akairudisha kwa ncha za vidole. "Wametoa nyama wametuachia mfupa, na mfupa wenyewe wameuchemsha." Akaletewa nyingine imechorwa katuni, mjane wa makamo mle ndani alikuwa na kiuno cha nyigu na matiti yanayotangulia kufika. Akaifunika kwa taulo ya saluni ili wateja wasiione. Mara moja alikwenda kutazama riwaya ikiigizwa jukwaani, na watu walipocheka penye msiba akatoka, akatema mate nje ya ukumbi, akarudi nyumbani kwa miguu akiongea peke yake.

Sasa katika vitabu vyote hivyo, kimoja kilikuwa si kitabu kwake, kilikuwa kama ndugu. Kiliitwa *Kufuli la Shaba*. Mama mmoja anaondoka kwenda kutafuta riziki, anamkabidhi bintiye kufuli la mlango na kumwambia, "Usihame mpaka nirudi." Basi binti anakaa. Wachumba wanakuja, anawaambia wahamie wao. Njaa inakuja, mafuriko yanakuja, yeye yuko palepale. Nakala ya Chanuo ilikuwa imekosa kurasa za mwisho, zililiwa na panya zamani, lakini mwisho aliujua kwa moyo, maana Mama Mkubwa aliyemlea alikuwa amekisoma kabla ya panya na akamsimulia. Alfajiri moja binti anasikia kikohozi mlangoni. Anafungua. Mama amesimama na kitenge kilekile, hasalimii, anauliza tu, "Maji yapo?"

Chanuo akifika hapo benchi zima lilikuwa likitafuta leso. Na yeye mwenyewe pia, ingawa angekukatalia.

Maana mama yake naye aliondoka. Aliondoka Chanuo akiwa mdogo, wa kubebwa mgongoni bado, akamwacha kwa dada yake, huyo Mama Mkubwa, katika nyumba hiihii. Alisema anakwenda kutafuta kazi. Alipofika mlangoni akageuka, akasema, "Msihame." Hakuna aliyemwona tena.

Na nyumba yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa inanuka. Shimo la choo la jirani lilikuwa limefurika tangu mvua za mwaka juzi, na maji yake ya kijani yalikuwa yakipita mbele ya mlango kwa raha zake. Mwenye nyumba alikuwa akiahidi, anakula kodi, anaahidi. Wateja waliingia kwa kuruka juu ya matofali, wameshika pua kwa mkono mmoja na sketi kwa mwingine. Ndani, ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa umeota ukungu mweusi, na binti mdogo wa Chanuo alikohoa mchana kutwa kama mzee. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa ameshapata nyumba ng'ambo ya mji, kavu, yenye bomba la maji ndani na uwanja wa saluni.

"Mke wangu, tuhame. Mtoto anaoza kifua."

"Wateja wangu wako hapa," Chanuo alikuwa akijibu. "Nikihama nitamsuka nani, wewe na kipara chako?"

Mume alijua kwamba si wateja. Alinyamaza kwa sababu alikuwa na heshima zake, lakini subira ilikuwa inamwisha, na safari hii alisema mwenye nyumba mpya hatangoja. Au wote wahame mwisho wa mwezi, au yeye anawachukua watoto anatangulia nao. Hakupandisha sauti. Ndiyo maana Chanuo aliogopa.

Ni katikati ya hayo runinga ikaleta mchezo wa wiki kadhaa wa *Kufuli la Shaba*.

Wiki zote hizo aliitazama kwa chuki, marudio ya mchana, huku akisuka. Kucha. Mafuriko yaliyofika kifundo cha mguu tu. Mchumba aliyezuka kutoka popote na pikipiki yake. Wateja walikuja zaidi kusikiliza matusi yake kuliko kutazama mchezo. Siku ya mwisho kitini alikuwa nesi wa zahanati, mama wa mitumba yuko benchini, na wengine wamesimama.

Binti wa kwenye runinga alilitoa kufuli mlangoni. Akalibeba mpaka kwa mnunua vyuma chakavu. Likatupwa kwenye mizani pamoja na sufuria zilizotoboka. Akapokea chake, akashika njia, hakugeuka nyuma. Muziki ukaingia.

Chanuo aliacha kusuka. "Hapana. Hapana! Kucha nimevumilia. Pikipiki nimevumilia. Lakini hii ni laana! Mama yake mzazi wanampima mizani na masufuria! Mtu aliyeandika haya ana matapishi kichwani."

"Dada," nesi akasema taratibu, maana nywele zake zilikuwa mikononi mwa mtu mwenye hasira, "mimi nimekisoma hicho kitabu. Hapo hawajabadilisha kitu. Ndivyo kinavyoisha."

"Ulisoma kile kilichofupishwa."

"Nilisoma kile kinene."

"Basi ulisoma umesinzia!"

Watu wakacheka, lakini mama wa mitumba hakucheka. "Chanuo, wewe chako si kimekosa mwisho?" akauliza. "Kwani wewe uliuona wapi?"

Chanuo alimaliza kichwa cha nesi, na msuko ukaenda upande. Kesho yake akamtumia ujumbe muuza vitabu: nitafutie *Kufuli la Shaba*, kizima, chapa ya zamani, ile yenye jalada la buluu.

Muuza vitabu alikileta mwenyewe, akiruka matofali na kutukana kimyakimya. Chanuo alimwacha mteja nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama hewani, akaenda dirishani. Alisoma kwa kusimama. Hapakuwa na kikohozi. Hapakuwa na kitenge. Kulikuwa na mizani, masufuria yaliyotoboka, na binti anayeshika njia bila kugeuka. Mwandishi hakusema hata mama alikufa au alipotelea wapi. Alimwacha tu huko alikokwenda.

Akaleta nakala yake ya zamani, akaziweka pamoja. Jalada moja, chapa moja, maneno yaleyale mpaka pale kurasa zilipokoma. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya maisha yake yote: akakifungua kitabu chake kabisa, mpaka uti wa mgongo ukalia, akatazama mahali panya walipokula. Karatasi ilikuwa imekatwa imenyooka kutoka juu mpaka chini.

"Dada, na mimi je?" mteja akauliza. "Tulifika pale mpelelezi amejificha kwenye pipa."

"Leo hakuna riwaya," Chanuo akasema. Hilo halikuwahi kutokea pia.

Mama Mkubwa alikuwa chumba cha nyuma, anachambua maharage kwa vidole, kwa kuwa macho yalikuwa yameshamtupa mkono. Chanuo alisimama mlangoni na vitabu viwili.

"Mama Mkubwa, panya wa nyumba hii walikuwa wanakula kwa wembe?"

Vidole vikasimama kwenye ungo.

"Umekipata kizima," Mama Mkubwa akasema.

"Nimekipata! Mimi ninayewatukana watu wa runinga. Ninayewatukana wachora katuni. Kumbe mchakachuaji mwenyewe nampikia uji kila asubuhi! Nimewadanganya wateja miaka yote. Nimewaliza watu kwa kitu cha uongo." Sauti ikaanza kupasuka, akaikaza. "Hayo basi. Lakini watoto wangu, Mama Mkubwa! Watoto wangu wanavuta mavi ya jirani usiku na mchana kwa sababu mimi nangoja kikohozi ulichokitunga wewe! Mume wangu anataka kuniacha kwa ajili ya kikohozi! Unanichefua. Wallahi unanichefua."

Alitegemea mzee alie, au aombe radhi. Mama Mkubwa aliutua ungo sakafuni.

"Unadhani nilikutungia wewe?" akasema. "Wewe ulikuwa mtoto. Mtoto ukimpa hata habari ya sungura analala. Asiyelala nilikuwa mimi. Nilikisoma pale jikoni peke yangu, nikafika kwenye mizani, nikatapika kwelikweli, siyo hivi mnavyosema nyinyi. Nikasema huyu aliyeandika hana mdogo wake. Nikachukua wembe."

Chanuo alikipapasa kitabu pale kilipokatwa.

"Na hayo ya 'Maji yapo' sikutunga. Ndivyo alivyokuwa akiingia mama yako. Kila siku akitoka kibaruani. Salamu hatoi, mtoto hamtazami, kwanza maji. Nilikuwa namgombeza sana." Mzee akafuta pua kwa upande wa kanga. "Huyo wa kwenye kitabu, haikuandikwa popote kwamba alirudi? Hata ukurasa wa nyuma kabisa?"

"Hakurudi, Mama Mkubwa."

"Basi."

Akauchukua ungo tena, lakini alichambua vibaya. Mawe alikuwa akiyaweka pamoja na maharage. Chanuo alimtazama kwa hasira ambayo sasa haikujua ikakae wapi. Akarudi sebuleni, akamwambia mumewe kwenye simu maneno mawili tu, "Leta lori," akamalizia kichwa cha mteja.

Siku ya kuhama jua lilikuwa kali na shimo la jirani lilitoa harufu ya kuagana. Kiti cha plastiki kikapanda, benchi likapanda, kioo kikafungwa blanketi. Watoto walikuwa juu ya magodoro wanapiga kelele za furaha, na yule mdogo anakohoa na kucheka kwa wakati mmoja. Chanuo alikuwa na nyongo na kila kitu: na mwenye nyumba aliyekuja kukagua vitasa, na mwandishi, na runinga, na yeye mwenyewe. Alipopiga hesabu ya watu, Mama Mkubwa hakuwepo.

Alimkuta mlangoni. Ameinama, pua karibu iguse mbao, ameshika kipande cha mkaa, anaandika namba ya simu ya Chanuo. Tarakimu zilikuwa zinapandana kama watoto kitandani.

"Takataka gani hizo?" Chanuo akasema. "Si nilikuambia mwenyewe mwisho? Wapangaji wapya watafuta."

"Wafute."

"Na saba yako hiyo nani ataisoma? Inaonekana moja. Tena mkaa huo, mvua ya kwanza tu kwisha habari. Nenda ukapande gari, tunaungua jua hapa."

Mama Mkubwa alikwenda, anapapasa ukuta. Chanuo alibaki anautazama mlango, amekunja uso kama mtu aliyenusa kitu kibaya, na kwa kweli alikuwa anakinusa. Akasonya. Akaenda kwenye lori, akafungua boksi la saluni, akafukua chini ya rasta na mafuta mpaka akapata chupa ya rangi ya kucha, nyekundu. Akarudi, akachuchumaa, akaanza kupita juu ya mkaa, tarakimu moja baada ya nyingine, akiinyoosha ile saba.

Mume akapiga honi.

"Subiri!" Chanuo akapaza sauti bila kugeuka. "Haijakauka."