Majivu Juu ya Shimo la Fuko

Siku ile naikumbuka kila ninaposhika jembe, mwanangu, na kwa kuwa jana ulinieleza kwa furaha kwamba umejitolea kwenye ligi ya watoto, kaa kidogo nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya sabini, hapa hapa kijijini Qurus. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, maneno mengi kuliko kazi. Tuliwaanzishia watoto ligi ya mpira, na kila kazi ikapata mtu wa kujitolea. Kina mama walileta majivu ya jikoni ya kuchorea mistari, fundi cherehani akashona vibendera, mwalimu akashika filimbi. Uwanja wenyewe ulikuwa malisho ya ng'ombe, umejaa mashimo ya fuko. Mzee Tluway, ambaye mjukuu wake Bura alikuwa winga wetu, akauliza kikaoni nani atafukia mashimo na kuchora mistari. Nikasimama haraka haraka. "Niachieni mimi, wazee wangu!" Wakanipigia makofi. Ah, makofi yale yalikuwa matamu!

Jumamosi asubuhi nilianza vizuri, nikafukia upande mmoja wote. Mara nikasikia lori la wageni kutoka Karatu linapanda kilima. Nilitaka nionekane nikiwapokea, na shati jipya nilikuwa nimevaa. Mashimo ya pembeni yalikuwa bado. Nikayaziba kwa nyasi, nikamwaga majivu juu yake, mstari ukapita mweupe, umenyooka. Nikajisemea, si vishimo tu? Mdharau mwiba, mguu huota tende. Ila mguu ulioumia haukuwa wangu.

Kipindi cha kwanza hakikuisha. Bura alikuwa anakimbia na mpira pembeni kabisa, juu ya mstari, mguu ukazama. Sote tulisikia mfupa ukivunjika. Mtoto wa miaka kumi na moja, mwanangu, analia anamwita mama yake, na mguu wote umejaa majivu yangu.

Nilimwendea Mzee Tluway. "Nisamehe, babu. Ilikuwa kazi ya kujitolea tu, na wageni walikuwa wamefika..."

Hakunifokea. Heri angenichapa fimbo.

"Kijana, hakuna aliyekulazimisha," alisema. "Ungenyamaza kikaoni, angesimama mwingine, akafukia. Wewe ulichukua nafasi yake, kazi ukaiacha."

Bura alipona, lakini hakukimbia tena. Unamjua, ndiye yule fundi baiskeli wa sokoni anayechechemea. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, nami sijawahi kumwona akivuka barabara moyo wangu usiniume. Wanasema maneno matupu hayavunji mfupa. Yangu yalivunja.

Basi, mwanangu, kabla hujanyoosha mkono kikaoni, jiulize kama utaifanya kazi hiyo hata asipokuwepo wa kukutazama. Ukishindwa katikati, sema mapema. Aibu ya kusema "siwezi" huisha siku ile ile. Na ukiona shimo, lifukie kwa udongo, ulishindilie kwa mguu wako mwenyewe, kabla mtoto wa mwenzio hajalikanyaga.

Haya, nenda. Jembe langu liko nyuma ya mlango, lichukue. Mungu akupe mikono isiyochoka, na jioni watoto wote warudi kwao wakikimbia.