Kazi ya Bure

Hapana, hakuwa anatafuta mume. Mtaniuliza tu, kila mtu hapa Kibarani kaniuliza, basi nalitanguliza hilo. Mjukuu wangu alikuwa anatafuta kazi. Tena kazi ya bure!

Yuko fomu thrii, na shuleni kwao kuna tuzo ya vijana: ukitimiza mambo matatu, unaitwa mbele ya watu, unapigiwa makofi. Kushona alishajifunza, safari ya vilimani na hema mgongoni alishaimaliza. Likabaki moja, kujitolea. Nikamfuata mwalimu wake, mtu wa bara, akisema kama anatafuna muwa: "Nyanya, iko hivi. Kila wiki, miezi mitatu, pahali pamoja. Akikosa, anaanza upya. Na muhula ukiisha, imeisha."

Nikarudi nacheka. Kitu cha bure kikose mtu? Wallahi, kilikosa.

Zahanati, yule nesi wa sauti ya mbu: "Mamaa, dawa zikipotea nitamuuliza nani?" Madrasa, ustadhi akajikuna ndevu: "Inshallah, wiki ijayo." Wiki ijayo ikaja, akajikuna tena: "Inshallah." Nikamwambia, ustadhi, ndevu zitakwisha hizo. Hakucheka.

Nikampeleka Kakuyuni, mashambani, kwa jirani wa dada yangu, mjane, akamlimie. Akalima. Kuondoka, mjane akamfunga kuku na mahindi, kwani huko mtu haondoki mikono mitupu, ni aibu. Mtoto naye akamweleza mwalimu kwa furaha. "Kuku? Hiyo si kujitolea, hiyo ni kibarua. Haihesabiki."

Tangu hapo chakula hakimshuki. Anakaa kizingitini, goti kwa kidevu: "Bibi, wenzangu wote wamepata. Siku ya makofi nitakaa peke yangu." Mtoto huyu hajapata kuitwa mbele ya watu tangu azaliwe. Na muhula unakimbia. Nilibisha hata milango ya watu tusiosalimiana.

Mlango mmoja ukafunguka. Nyumba ya bi kizee kipofu. Binti yake anashinda sokoni na samaki, na mjukuu wa kiume, mwana wa huyo binti, ni fundi wa pikipiki, hajaoa. Nikamweleza yule binti yote: tuzo, mwalimu, miezi mitatu, na kwamba hatutaki hata kikombe cha chai. Akanitazama, akatabasamu kwa upande. "Tuzo. Ehee. Nimekufahamu, dada yangu. Na aje."

Hakunifahamu. Kwetu neno la posa halisemwi waziwazi, huzungushwa, huvishwa nguo. Yeye akaona tuzo ndiyo nguo.

Basi kila Jumamosi mjukuu wangu anafagia, anachota maji, anamchana bi kizee nywele. Bi kizee akimsikia langoni: "Msichana wangu huyo!" Mtoto akaanza kula. Miezi miwili ikapita, wa tatu ukaingia.

Siku moja nikaona wazee wawili mlangoni kwangu, wa upande wa yule muuza samaki, kanzu zimepigwa pasi, sinia ya halua. Mmoja akakohoa kwa heshima: "Bibi, tumeona ua limechanua upande wetu. Tutasubiri amalize shule, hatuna haraka."

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Nikairudisha halua kwa adabu zote, kisha nikamshika mjukuu wangu mkono, tukaenda mbio kwa muuza samaki. Nikamkuta uani na kisu, anampaa samaki changu magamba.

"Dada yangu, nakuomba. Zimebaki wiki chache tu. Pengine pa kuanza upya hatuna, muhula unakwisha. Mwache amalize kwa mama yako, halafu tukasirikiane tutakavyo."

Mimi ninayeiga sauti za mji mzima, siku hiyo nilibaki na yangu tu. Mtoto kasimama nyuma yangu, ndoo aliyozoea kuchotea maji kaikumbatia. Ndani bi kizee anauliza, "Msichana wangu kaja?"

Mwanamke hakuinua hata uso.

"Kama haji kuolewa, asije kufagia."