Viua vya Bi Mardhiya

Bi Mardhiya Ahmada wa Mtoni alianza kushona kofia za viua, vile vitundu vya kudariziwa kwa uzi, akiwa na umri wa miaka tisa, na kwa miaka arubaini hakukosa wateja. Kisha kofia za mashine zikajaa sokoni Darajani. Suhaib, mtafiti kutoka mjini, alipobisha hodi kwake mwaka jana, Bi Mardhiya alikuwa amekaa miezi mitatu bila ya kazi.

Suhaib alikuwa amebuni betri laini, nyembamba kama kitambaa cha ukaya, yenye zinki na ute wa mwani uliochemshwa. Ilitoa umeme kwa kuvuta hewa, na ilikusudiwa kuendesha kipimo cha mapigo ya moyo kinachovaliwa mkononi. Alihitaji utepe wa kitambaa wa kuihifadhi. Taa ya kipimo ikidumu tangu alfajiri hadi magharibi, mkononi mwa mtu anayefanya kazi, Bi Mardhiya na jirani yake Biasha wangeshona tepe arubaini. Isipodumu, kazi ingepelekwa kiwandani.

Utepe wa kwanza ulishonwa kama alivyoagiza Suhaib: tabaka mbili za nguo, mshono wa kubana. Taa ilizimika adhuhuri. Wa pili vivyo hivyo. Biasha akasema betri hiyo inafunga saumu ya watoto, ya nusu siku.

Bi Mardhiya hakucheka. Alimuuliza Suhaib betri yake inakula nini hasa. Alipojibiwa kuwa ni hewa, aliweka sindano chini.

"Mwanangu, umenletea kitu kinachovuta pumzi, kisha ukanambia nikizibe pua?"

Suhaib alijitetea kwamba kitambaa chenyewe hupitisha hewa.

"Kikikauka. Kikirowa jasho hakipitishi kitu. Wewe unadhani viua vya kofia ni pambo? Kichwa kinapumulia humo."

Utepe wa tatu ulichukua siku nne: vitundu mia na ishirini, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa mkono. Siku ya tano Bi Mardhiya aliuvaa baada ya sala ya alfajiri. Alifua, akakuna nazi, akatwanga. Kila alipopita, Biasha aliuliza hali ya mgonjwa wao, ile betri. Adhuhuri taa iliwaka. Alasiri iliwaka. Suhaib aliwahi kufika, akakaa barazani kusubiri.

Ilipoadhiniwa magharibi, Bi Mardhiya alinyoosha mkono. Taa ilikuwa ya kijani, imetulia.

"Leo imetimiza," akasema Biasha. "Ipeni tende."

Suhaib, akicheka, alitaka kujua kazi ingeanza lini. Bi Mardhiya alimwonesha kitambaa cha tepe zote arubaini. Alikuwa ameshakikata tangu alasiri.