Mshono wa Bakuli la Akolong

Mimi ni Mmeru, na kwetu chombo kikichafuka kinaoshwa, basi. Kwa hiyo siku moja kabla ya mwanangu Ewesit kuonjeshwa chakula chake cha kwanza, nilichukua lile bakuli dogo la mti la mama mkwe wangu, Akolong, jeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Nikalisugua kwa sabuni ya unga na waya wa sufuria mpaka likang'aa. Nikalianika juu ya mabati, najisifu.

Nani angeniambia kwamba bakuli hilo halijui sabuni? Hupanguswa tu na kupakwa mafuta ya kondoo, na mafuta hayo ndiyo huzuia mti usipasuke. Saa nane nililikuta na ufa kutoka ukingoni hadi karibu na kitako.

Nililia, sioni haya kusema. Bakuli lile lilichongwa na mama mkwe wa Akolong, likaja Isiolo juu ya punda mwaka wa ukame, pamoja na watu wasiobakiwa na mbuzi hata mmoja. Wagonjwa wamenywea humo maziwa, wageni wamekula humo nyama. Mume wangu Etabo na ndugu zake sita, wote walionjeshwa humo. Katika boma hili, mtoto asiyeonja humo bado ni mgeni. Na mgeni mwingine, mimi, nilikuwa nimelipasua.

Akolong alirudi jioni kutoka soko la mifugo, anakouza mabakuli anayochonga mwenyewe. Mama yule mdomo wake ni pilipili, na moyoni nilishafunga nguo zangu. Akalinusa bakuli.

"Sabuni," akasema. Kisha: "Leta makaa na msumari."

Alitoboa vitundu pande zote mbili za ufa kwa msumari uliokuwa mwekundu kwa moto. Akashona kwa ukanda mwembamba wa ngozi mbichi ya mbuzi, akivuta kwa meno. Ana miaka sabini na kitu, na kila mshono ulinyooka. Mimi nilimshikia bakuli.

Asubuhi ngozi ilikuwa imekauka na kujikaza, ufa umefumba kabisa. Akamimina maziwa. Tukangoja. Halikuvuja hata tone, na Ewesit akanywa mpaka akapaliwa. Ajabu ile sijaizoea mpaka leo.

Kisha Akolong akageuza bakuli. Kitakoni palikuwa na mshono mwingine, wa zamani. Nilipokuwa nasugua nilidhani ni pambo.

"Huu ni wangu," akasema. "Nililiangusha mwaka nilioolewa hapa. Nimeuficha kwa mafuta miaka hamsini, wewe umeuanika kwa siku moja."

Nilikosa pa kuweka uso. Akanisukumia kopo la mafuta ya kondoo.

"Haya, Mama Ewesit, paka. Anza na wangu, kisha ufiche na wako."