Lemera si Remera

Ukitaka kumkasirisha Sangwa, mwite fundi wa kompyuta. Yeye ni mlinzi, tena mlinzi hasa, ila lango lake halionekani kwa macho. Kila asubuhi, katika kampuni moja ya kusafirisha kahawa hapa Kigali, huketi na chai yake ya maziwa akiangalia nani ameingia kwenye mtandao wa kampuni na anafanya nini humo. Anachokichukia kuliko virusi ni zile programu za kupekua mtandao. Zenyewe haziibi kitu. Zinapita kompyuta kwa kompyuta zikigonga milango, zinaangalia upi umefungwa na upi umesahauliwa wazi. Lakini mtu anayezunguka mtaani akijaribu vitasa vya nyumba za watu, utamwita jirani mwema? Ndiyo maana kampuni iliweka sheria: atakayekutwa na programu hiyo bila ruhusa anarudisha kadi siku hiyo hiyo na kwenda zake.

Jumanne moja onyo likatokea kwenye skrini. Kompyuta iitwayo LEMERA ilikuwa inagonga milango ya kampuni nzima.

Gasana, mkuu wa idara, mtoto wa Kampala asiyejua kusubiri, alisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti.

"Remera! Ni tawi letu la Remera."

"Imeandikwa Lemera, bosi."

"Si ni ile ile? Kompyuta ya Trinah, yule msichana wa pale, imetoka kutengenezwa juzi, fundi ameandika vile anaongea. Wanasema kikuracho ki nguoni mwako. Yule mtoto nilimwamini, kumbe! Nikitoka mkutano namwita. Leo leo anaenda."

Hapa lazima tucheke kidogo. Mji wetu ni safi na watu wake ni wema, lakini R na L zinaishi chumba kimoja na kuazimana nguo. Mtu akikwambia anakwenda kura, tazama kwanza kama ameshika sahani. Sangwa alikulia Rulenge, kule Ngara, Tanzania, na wenzake wa shule walimcheka mpaka ulimi ukanyooka. Siku ile hakucheka. Jina lile lilimgonga moyoni, kwa sababu lilipotolewa alikuwepo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo, kampuni ikiwa vyumba vichache tu. Waya zote walizivuta wawili, yeye na Salvator. Salvator alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimezama darini, akiimba nyimbo za kanisani za Bujumbura alikolelewa. Sangwa alishika ngazi akimkaripia asije akamwangukia. Mchana walikula ndizi na maharage sahani moja. Wote wawili walikuwa wamerudi katika nchi waliyoambiwa tangu utotoni kuwa ni yao, na wote wawili walikuwa wakiitamani nchi nyingine kimyakimya. Basi kompyuta zilipohitaji majina, Salvator akaiita yake Lemera, milimani Kongo alikozaliwa. Sangwa akaiita yake Rulenge. Zikafuata Uvira, Ngara, Buyenzi. Ofisini watu walisema "Rurenge" na "Remera", na Salvator alikuwa akiwaambia, "Ukienda Lemera ukashuka Remera, umekosa nchi!" Siku zile zilikuwa tamu, jamani. Sasa kompyuta mpya zina namba badala ya majina, na Salvator amepelekwa kutunza ghala la Ndera akingoja kustaafu.

Sangwa alichukua pikipiki mpaka Ndera.

"Karibu, Mama Ganza! Leo umekumbuka maskini?" Salvator alimwita kwa jina la mwanawe, kama zamani.

"Mzee Salvator, umefanya nini na Lemera?"

Mzee hakuficha. Alimgeuzia skrini ya kompyuta ile ile ya zamani, imejaa vumbi la kahawa. "Walisema za zamani zote zinaenda kwa chuma chakavu. Nikasema, wacha niziite, nione nani bado iko. Iko programu ya bure kwa mtandao, inaita zote. Naita Uvira, kimya. Ngara, kimya. Buyenzi, kimya. Ni moja tu imejibu."

Akaweka kidole kwenye kioo. RULENGE. Kumbe ilikuwa bado mapokezi, chini ya meza, ikichapa kadi za wageni, na Sangwa huipita kila siku asijue.

Sangwa alikaa juu ya gunia. Alitaka kukasirika, akashindwa.

"Wanasema ni Trinah," akasema.

"Trinah gani?"

"Wa tawi la Remera. Wamesoma Remera."

Salvator alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikamkatikia. "Yule anayelea mama yake mgonjwa?"

"Huyo huyo. Lakini naweza kuifuta programu sasa hivi, mzee. Nitasema mashine haikujulikana."

"Na Trinah atabaki kazini?"

Sangwa alimjua Gasana: bila mkosaji mwingine, asingemwacha Trinah. Salvator alimtazama, akatoa simu, akampigia Gasana yeye mwenyewe.

"Allô, chef? Ile kompyuta si Remera. Ni Lemera. L, ya Lazaro. Iko Ndera, ni yangu mimi. Yule msichana mwacheni."

Sheria ni msumeno, na siku ile ulikata mti uliowapa wote kivuli. Alasiri Gasana alimwagiza Sangwa afunge akaunti ya Salvator. Aliifunga kwa mikono yake, herufi baada ya herufi, kisha akaisogeza kando chai iliyopoa.

Simu ikalia. Alikuwa Trinah, sauti imejaa machozi ya furaha.

"Mama Sangwa, Mungu akubariki! Wameniambia ni wewe ulikataa kuwa ni mimi. Nasikia yule mwizi mmemkamata."

"Hakuwa mwizi, mwanangu," Sangwa alisema. "Alikuwa anatusalimia."

Akakata simu, akalia, wala hakujificha.