Nilipomwambia Rudi

Mjukuu wa dada yangu alinipigia simu mwenyewe. Hilo nalitanguliza, kwa sababu watu wengi hudhani alitupwa kwangu huku kisiwani, kijiji cha Kiegeani, kama mzigo. Alikuwa na miaka kumi na sita. Shule ya Dar es Salaam ilikuwa imemfukuza kwa kupigana, na nyumbani alikuwa ametoroka mara mbili. Alizungumza kwa sauti ya chini, nadhani alikuwa amejificha chooni.

"Bibi, niruhusu nije huko. Hapa hata nikifua nguo zangu, wanauliza nimeiba za nani."

Nilimwambia aje. Nilimwahidi pia kwamba habari za nyuma hazitatoka kinywani mwangu, na Mwenyezi Mungu akanisaidia kuitimiza ahadi hiyo mbele ya jirani yangu, ambaye anaweza kukuuliza swali moja kwa njia saba.

Mama yake alimsindikiza, akalala kwangu siku moja. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akaniambia huku binti akisikia, "Mama mkubwa, siku akikushinda usijichoshe. Mwambie neno moja tu, rudi. Ataelewa. Lakini ajue kwamba nikimpokea tena kwa aibu, sina pengine pa kumpeleka."

Binti aliendelea kukunja mkeka kana kwamba anazungumzwa mtu mwingine.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Kwa zaidi ya miaka arobaini nimewasomesha Kurani watoto wa hapa kwenye baraza ya nyumba yangu, na maji yakitoka nashuka pwani kwenye kamba zangu za mwani. Sikumlazimisha kusoma wala kufanya kazi. Wiki za kwanza alilala mpaka jua lipande, na nilimwacha. Jirani alinishauri nimrudi mapema, maana yake nimwadhibu, kwa sababu kwetu neno hilo lina kazi nyingi. Nilimwambia fimbo yangu ililiwa na mchwa, nami sikuwahi kukata nyingine.

Siku moja alinifuata pwani bila kuitwa. Nilimwonyesha jinsi ya kufunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa taitai, vile vijikamba vidogo. Alifunga harakaharaka, fundo la mtu mwenye hasira, na baada ya siku mbili mwani wake wote ulikuwa umechomoka na kwenda na maji. Jirani alicheka mpaka akakaa chini majini.

"Mjukuu wako kawalisha samaki wa ghuba ya Chole nzima," alisema. "Watatuletea salamu."

Nilimtazama binti nikihofia ugomvi. Yeye akamuuliza jirani kama samaki hao walisema mwani ulikolea chumvi. Tangu siku hiyo wakawa marafiki, na mafundo yake yakaanza kushika.

Kusoma alianza taratibu vilevile. Alikuwa akikaa nyuma ya watoto, akijifanya anachambua mchele, na midomo yake ikitembea pamoja na yao. Alikuwa amesoma utotoni, akaacha kwa sababu mwalimu wake alikuwa akichapa. Nilipomuuliza angependa kuhifadhi sura gani, alitaja Surat Rahman. Ni sura tamu, lakini inampoteza msomaji. Aya moja inajirudia mara nyingi, na kila unapoimaliza lazima ukumbuke upo wapi, la sivyo unaruka mbele bila kujua.

Jumamosi moja asubuhi nilimsikiliza mbele ya watoto. Alisoma vizuri hadi katikati, kisha akaruka. Nikamwambia kama ninavyomwambia kila mwanafunzi anayekosea, "Rudi." Akasita, akaanza tena, akaruka palepale. "Rudi," nikasema. Nilipolisema mara ya tatu uso ulimbadilika, akafunga msahafu kwa adabu, akaubusu, akaingia ndani. Nilidhani amechoka. Nikamalizana na watoto, nikaenda zangu pwani.

Niliporudi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Begi halikuwapo. Msahafu aliuweka juu ya rafu, ameufunika kwa ule mtandio niliompa. Jirani alinikuta nimesimama katikati ya chumba, akaniambia binti kapita na begi kama anayehama, akamwamkia shikamoo, hakusema anakwenda wapi.

Ndipo niliposikia kinywa changu mwenyewe. Mara tatu.

Boti ya kuvuka kwenda Nyamisati, bara, siku hiyo ilikuwa kwenye gati la Kilindoni ikisubiri maji yajae. Kwa miguu nisingeifikia. Sikuwahi kupanda pikipiki maishani, lakini barabarani alikuwapo kijana wa bodaboda niliyemsomesha tangu hajaota meno ya mbele. Nilikaa upande, nikalikusanya baibui langu, nikamshika shati.

"Mwalimu, leo zamu yangu kukusomesha," alisema. "Nikiegemea, na wewe egemea. Usinipinge."

Nilisoma kila dua niliyoijua, na nyingine nilizisoma mara mbili. Kilichonitia hofu hakikuwa mwendo wa pikipiki. Nilijua mama yake alivyosema, na nilijua mtoto anayeamini kwamba hana pa kupokelewa anaweza kushuka popote njiani.

Tulimkuta gatini, ameketi juu ya begi lake kati ya abiria. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Sijui. Nyumbani hawanitaki, na wewe umesema nirudi."

"Nimesema wapi?"

"Kwako. Barazani. Mara tatu, mbele ya watoto."

"Mjukuu wangu, nilisema rudi kwenye aya. Uliruka aya mbili."

Abiria mmoja aliacha kumenya chungwa lake ili asikie vizuri.

"Kwa hiyo hukunifukuza?"

"Nilikuwa nakusomesha."

Kijana wa bodaboda, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Mimi kaniambia rudi miaka minne. Ningekuwa naondoka kila mara, sasa hivi ningekuwa nimefika Muscat."

Binti alicheka huku machozi yakimtoka, na mimi nikamshukuru Mola kwa boti inayosubiri maji. Tulirudi watatu juu ya pikipiki moja pamoja na begi, jambo ambalo sitaki wanafunzi wangu waige.

Nilimwambia nitatafuta neno jingine la kumsahihishia. Alikataa.

"Liache, bibi. Nataka nilizoee."

Tukaendelea na neno letu. Nilimwambia rudi mara nyingi mno, naye akarudi kwenye aya mara zote. Pwani nikampa kamba zake mwenyewe, na jirani akaacha kuulizia samaki.

Miezi ikapita. Siku ya hitima ya chuo chetu, sherehe ya wanafunzi kumaliza masomo, wanawake walijaa uani, na mama yake alikuja na boti ya asubuhi. Binti alipewa kipaza sauti. Alisoma, na sauti yake ilikuwa safi kiasi kwamba hata wapishi waliacha vyungu. Katikati, mahali palepale pa siku zote, aliruka. Nilimwona amejua. Akakwama, na mama yake akaziba mdomo kwa upindo wa mtandio. Mimi nilifumba midomo yangu, sikulisema neno letu.

Akavuta pumzi, akasema ndani ya kipaza sauti, kana kwamba anaongea na mimi peke yangu jikoni, "Narudi."

Wanawake walicheka kidogo, cheko la kumpenda. Akarudi aya mbili nyuma, akaishika njia, akasoma mpaka mwisho bila kukosea tena. Vigelegele vilipanda na kushuka mpaka kuku wakakimbia. Jirani yangu ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, na mpaka leo hajui binti alitoka kwenye nini.

Jioni, tukiwa tunaosha masinia, mama yake alimkaribia. Alikuwa ameandaa maneno mengi, nilimwona akiyameza. Mwishoni alisema tu kwamba kitanda chake kipo, na kwamba safari hii ni yeye anayemwomba arudi.

Binti alilisuuza sinia hadi likang'aa. Nilisubiri, nikamwachia Mungu, kwa sababu jibu halikuwa langu.

"Nitarudi, mama," alisema. "Lakini siyo kesho. Kesho ni bamvua, maji yatatoka mbali, na nina kamba sita za kuvuna." Akamtazama mama yake miguuni. "Hivyo viatu viache. Utashuka na mimi."